Nilinyoosha Maji kwa Rula

Mkosaji ni mimi. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze wakati akitafuta mwingine wa kulaumu. Shetani hakunishika mkono, pombe sikuwa nimeonja, na mashine haikuharibika. Mashine ilifanya kazi vizuri sana. Hiyo ndiyo shida!

Mhariri, jina langu unalo, tafadhali usilichape. Najua mjini Busia mtu binafsi mwenye mashine kama yangu ni mmoja tu, kwa hiyo watu watanitambua kabla chai yao haijapoa. Wacha wanitambue. Lakini kujisoma jina gazetini ni kitu kingine.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Aliyenisomesha ni dada yangu mkubwa, kwa omena, dagaa wa ziwani, aliyokuwa akianika kwenye ufuo wa Sio Port baada ya mama yetu kufariki. Omena ilipopungua, shule ikaisha. Sikulia. Nilishika mwiko wa mwashi, nikajenga nyumba za watu, kisha nikajenga zangu. Nyumba ya dada na stoo yake ya omena, pale chini karibu na maji, nilizijenga kwa mikono hii. Yeye ni mjane, na kila mtu anamwita Mama Nekesa. Ndiye kiongozi wa wanawake wa omena pale, na wakati huo hakuwa akifanya jambo bila kuniuliza. Auze au asiuze, amwoze binti au angoje, aliniuliza mimi. Nami nilikuwa na jibu la kila kitu.

Mgongo ulipoanza kulalamika, nikaacha kujenga. Malaba kulikuwa na mfanyabiashara aliyekuwa akifunga duka na kuuza hata viti. Kwake nikanunua mashine ya saiklostaili. Kwa asiyeijua: unachukua karatasi ya nta inayoitwa stensili, unaikwaruza kwa kalamu ya chuma, au unaipiga taipu, unaifunga kwenye pipa la wino, unazungusha mkono. Palipokwaruzwa wino hupenya, na nakala zinatoka mpaka uchoke.

Nilijifundisha mwenyewe. Nikachapa mitihani ya shule, nyimbo za kanisa, za Wakatoliki na za Waanglikana bila ubaguzi, na matangazo ya mnada wa ng'ombe. Watu waliosoma mpaka chuo walisimama mlangoni kwangu wakisema, "Mzee, tafadhali." Nikawaambia wangoje. Nilipenda sana kuwaambia wangoje!

Basi, kabla ya mvua kubwa kuanza, akaja kijana wa maji.

Huyu alikuwa ameajiriwa kupima ziwa. Alikuwa amesimamisha nguzo majini pale Sio Port, imechorwa namba kwa rangi, na kila asubuhi aliingia kwenye mtumbwi, akaenda kuitazama, akaandika. Wanawake walimtania sana. "Bwana Maji, umeyahesabu? Yametimia yote?" Naye alicheka nao. Kijana mpole, shati limepigwa pasi.

"Mzee, habari ya kazi?" akasema. "Nimekuletea grafu."

Neno hilo sikulijua. Ningeuliza, haya yote yasingekuwako.

"Weka hapo," nikasema.

"Ni ya maji ya ziwa. Wale kina mama wa omena wanaingojea. Niliwaambia kwa mdomo wahame na stoo zao wapande juu kabla ya mvua, wakakataa. Wanasema mwaka jana niliwaambia hivyo hivyo, na maji hayakuja."

"Wana haki."

"Ndiyo, mzee. Sasa wanasema mdomo wameusikia, nilete karatasi. Karatasi wataiamini." Akatazama barabarani, basi lilikuwa linapiga honi. "Mimi nimeitwa Kisumu kazini, sijui watanishikilia kwa muda gani. Ukimaliza, nakala nyingine ziende Sio Port, nyingine zivuke kwa mwenzangu wa upande wa Uganda. Ila nakuomba, fuata mstari vile ulivyo."

"Kijana, unanifundisha kazi?"

"Hapana, mzee."

"Mimi nimeanza kuchapa wewe ukiwa bado unanyonya!"

Huo ulikuwa uongo. Nilianza kuchapa yeye akiwa tayari na ndevu. Lakini alinipa mkono kwa heshima, akakimbilia basi lake.

Nikaitazama ile karatasi. Ilikuwa na vijumba vidogo vidogo, juu imeandikwa MAJI YA ZIWA, chini jina lake. Kati yake kulikuwa na mstari. Ndugu msomaji, mstari gani ule! Ulianzia chini kushoto, ukapanda, ukashuka kidogo, ukapanda tena, ukatetemeka, ukaishia juu kabisa kulia, karibu utoke kwenye karatasi. Nikamhurumia. Nikasema, maskini, huyu amechorea ndani ya mtumbwi.

Hata hivyo nilijaribu kuufuata. Nikaiweka stensili juu ya mchoro, nikaviegemeza kwenye kioo cha dirisha ili jua lipenye, nikaanza kukwaruza. Kona ya kwanza tu, nta ikachanika. Ukipinda kwa ghafla na kalamu ya chuma, stensili inachanika. Na stensili hatuzichumi mtini, zinatoka Kisumu.

Nikakaa chini nikafikiri, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilifikiri kama mwashi. Mwashi akitaka kujua kama msingi wake uko sawa, anatia maji kwenye mpira mrefu, anashika ncha hii, mwenzake anashika ile, na maji yanawaonyesha. Maji hayajui kulala upande. Maisha yangu yote nimejenga kwa kuyaamini, na hakuna ukuta wangu ulioanguka. Sasa mtu ananiletea mstari wa maji uliopanda mlima!

Nikachukua rula. Nikapitisha mstari mmoja katikati ya vile vijumba, kutoka ukingo huu mpaka ule, safi, umelala sawa. Nikaandika kichwa juu na jina la kijana chini. Nikachapa.

Nakala zilipendeza. Nasema kweli. Niliona nimemsaidia.

Nikapanda basi kwenda Sio Port. Mama Nekesa akawaita wenzake, wakakaa kando ya nyavu walizoanikia omena. Nikawagawia karatasi, wakazigeuza huku na huku. Mama mmoja mwenye ulimi mkali akasema, "Haya, sasa tusomee. Sisi tunajua kusoma samaki tu."

Dada akanigeukia. "Wewe ndiwe umechapa. Inasemaje? Tuhame?"

Hapo ningeweza kusema sijui. Sikusema. Nilisimama, nikakohoa, nikainua karatasi juu.

"Mnaona mstari huu? Umelala. Maana yake maji yametulia."

"Kwa hiyo tukae?" akauliza dada. "Maana nilikuwa nataka kukuomba nafasi kwenye shamba lako la Busibwabo, nihamishe vitu mpaka mvua iishe."

"Ukae. Vitu vya nini kuhangaishwa?"

Wakashangilia. Yule mwenye ulimi akasema, "Kumbe Bwana Maji alikuwa anatutisha ili tumpishe uwanja!" Wakacheka, nikacheka nao. Nilirudi nyumbani na samaki wa kubanikwa kwenye gazeti.

Siku chache baadaye nikazibeba nakala za ng'ambo. Mpakani Busia ofisa wa forodha akafungua furushi.

"Mzee, unapeleka nini nje?"

"Karatasi."

"Za nini?"

"Za maji."

Akazitazama kwa muda. "Hakuna kodi ya maji," akasema, akanipisha.

Mpimaji wa upande wa pili alikuwa mtu mzima kama mimi, mnene, mwenye adabu. Akanipa kiti, akavaa miwani, akaishika nakala. Akaivua miwani akaifuta. Akaivaa tena.

"Ssebo," akasema, kwao ndiyo bwana, "hili ni ziwa gani?"

"Ni hili hili letu."

"Letu halilali hivi." Akavuta droo, akatoa grafu yake, akaiweka kando ya yangu. Yake ilipanda kama ile ya kijana. Ilipanda vile vile, kona kwa kona. "Tazama, ssebo. Huku chini ni miezi inavyofuatana. Huku kando ni kimo cha maji kwenye nguzo. Mstari ukipanda, ziwa limepanda. Sasa hivi limepanda kuliko tulivyozoea, na mvua bado haijaja. Ikija, watu wa chini wataogelea."

Nilielewa papo hapo. Sikuwa mjinga wa kutoelewa. Nilikuwa mjinga wa kutouliza, na huyo wa pili ni mbaya zaidi.

"Bambi," akaendelea kwa masikitiko, "aliyechapa hii ameharibu kazi ya mtu. Mwambie arudie upesi. Unamjua?"

"Namjua," nikasema.

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mjinga fulani tu. Nitamwambia."

Ndivyo nilivyosema! Kwa mdomo huu! Nikanywa chai yake, nikashukuru, nikavuka kurudi Kenya.

Nikafika, nikafunga mlango, nikaanza upya. Safari hii nilikwaruza polepole, nusu ya mstari asubuhi, nusu mchana, nikishika pumzi kwenye kila kona. Stensili haikuchanika. Zikatoka nakala ambazo hata leo sijawahi kuchapa nzuri kama hizo. Ziwa lote lilikuwa pale, linapanda.

Jumapili nikazitia kwenye mfuko, nikapanda basi kwenda Sio Port. Nia yangu ilikuwa njema. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ziwa, lakini bado hayakuwa yamefunguka. Muda ulikuwako.

Nikamkuta dada na wenzake wametoka kanisani. Mlangoni mwa stoo, kwenye ukuta nilioujenga, walikuwa wameibandika ile karatasi ya kwanza, wameizungushia utepe mwekundu kama picha ya harusi. Kulikuwa na wageni, wanunuzi wa omena kutoka Port Victoria. Dada akanishika mkono akanisimamisha mbele yao.

"Huyu ni mdogo wangu. Nilimwosha pua mimi. Leo ndiye mwenye mashine Busia, na ndiye aliyetusomea maji. Wenye vyeti walitaka kutuhamisha. Huyu akasema kaeni."

Wageni wakanipa mikono. Mmoja akaniita profesa.

Mfuko ulikuwa begani. Niliusikia uzito wake. Nikajiambia nitasema tukimaliza kula. Tukala. Nikajiambia nitasema wageni wakiondoka. Wageni wakaondoka. Nikajiambia kijana yuko karibu kurudi, atasema mwenyewe, na ikisemwa na mwenye cheti itaaminiwa zaidi. Tazama mtu anavyotafuta njia! Nikapanda basi la jioni na mfuko wangu vile vile nilivyokuja nao.

"Mbona umebeba mfuko kutwa nzima?" dada aliniuliza nikiondoka.

"Ni kazi za watu," nikasema.

Mvua ikaja. Wa kwetu mnaijua, sina haja ya kuieleza. Ziwa halikuja kwa kelele, liliinuka tu kila siku kidogo, kama maziwa kwenye sufuria. Likachukua nyavu za kuanikia. Likaingia kwenye stoo. Omena ya kina mama wote iliyokuwa imekauka, iliyokuwa ikingoja kuuzwa, ikarudi majini ilikotoka. Kisha likaingia kwa dada. Alitolewa kwa mtumbwi akiwa amekalia godoro lake lililolowa, ameshika kuku. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Kila nikisema hakuna aliyekufa, najisikia kama mtu anayeomba punguzo.

Maji yalipoteremka nikaenda. Ukuta wa stoo ulikuwa bado umesimama, maana mimi najenga. Na juu ya ukuta huo maji yalikuwa yameacha alama ya tope, pande zote nne, imenyooka kabisa, imelala sawa. Ilipita juu ya kichwa changu.

Siku hiyo hiyo kijana wa maji alikuwa amerudi kutoka Kisumu. Nilimkuta amezungukwa. Ile karatasi yenye utepe, iliyookolewa hata kabla ya sufuria, walikuwa wanampungia usoni.

"Jina lako si hili? Si hili?"

"Ni jina langu, mama. Lakini mchoro si wangu."

"Sasa ni wa nani? Wa samaki?"

Akanyanyua kichwa akaniona. Alijua. Nilimwona akijua. Hakunionyesha kidole, wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Mzee, sema."

Wakanigeukia wote, na dada yangu mbele yao, amevaa gauni la kuazimwa.

Nikasema, "Mimi nilichapa nilichopewa."

Basi. Maneno matatu, yakatosha. Kina mama waliingia kwenye maji yaliyobaki, wakaing'oa ile nguzo yake, wakaipasua kuni mbele ya macho yake. Hakuna aliyemuuzia chakula tangu siku ile. Wakubwa wake wakapata malalamiko, wakamhamisha. Wapi, sikuambiwa. Alipita mbele ya duka langu na sanduku lake akielekea stendi. Alinisalimu! "Mzee, kwaheri." Nilijifanya nazungusha mashine. Haikuwa na karatasi.

Mtauliza iligharimu nini. Mteja hata mmoja hakunikimbia. Biashara ilizidi, maana nilionekana mtu niliyesalitiwa na msomi. Lakini dada yangu aliacha kuniuliza. Hakununa, alinipikia, akanikaribisha, akacheka. Aliposimamisha nyumba mpya kule juu mlimani, sikuulizwa mlango uelekee wapi. Binti wa mwisho aliolewa, nikaambiwa siku ya kuja kula. Nadhani alikwisha ona kwamba natoa jibu hata la nisichokijua. Nilikuwa mtu wa kuulizwa, nikawa mtu wa kualikwa.

Mwezi uliopita nilishindwa kuendelea kuficha. Nikapanda ule mlima, ambao yeye sasa anaupanda kila siku na karai la omena kichwani, magoti yakimlia. Nikamwambia yote, na ile chai ya ng'ambo, na ule mfuko wa Jumapili.

Alikuwa anachambua omena. Hakuacha kuchambua.

"Kwa hiyo ulinyoosha," akasema.

"Nilinyoosha."

"Kwa rula?"

"Kwa rula."

"Na siku ile ya wageni, kwenye mfuko zilikuwamo nzuri?"

"Zilikuwamo."

Akatoa mchanga, akatupa. "Nikakuita mwenye kutusomea maji, mbele ya watu wa Port Victoria."

"Ndiyo, dada."

"Mimi nimeshajenga," akasema. "Yule kijana je? Umemwambia?"

"Sijui aliko."

"Alikuwa anasoma gazeti kila siku, hata ndani ya mtumbwi. Mwandikie huko. Na usiniletee pole nyingine hapa mpaka yeye awe ameisikia."

Ndiyo maana naandika, mimi ambaye kuandika kwangu ni kuchapa maneno ya wengine.

Wenzangu, hasa nyinyi mliojiinua wenyewe kama mimi na mnaona haya kuuliza vijana: ukiletewa kazi usiyoielewa, sema huielewi. Sema ukiwa umesimama, sema mbele ya watu, uso utawaka moto kidogo, halafu utapoa. Wangu unawaka mpaka leo. Na ukijua umekosea, usingoje wageni waondoke!

Na wewe kijana uliyekuwa ukipima maji Sio Port, popote walipokupeleka: mchoro wako ulikuwa sahihi, niliyeuharibu ni mimi, na niliyekana ni mimi. Nimewaambia hivyo kina mama wote, mmoja mmoja, mlango kwa mlango. Yule mwenye ulimi hajamaliza kunijibu. Nakala zile nzuri bado ninazo zote.

Nguzo nyingine nimechonga, mti mgumu, nimeisimamisha majini pale pale ilipokuwa ile yako. Nimeitazama kwa timazi pande zote, imesimama wima. Lakini namba sikuweka hata moja. Hizo njoo uziweke mwenyewe.